Pima Mmoja, Shona Mbili

Wifi yangu Evelina haandiki ujumbe kwenye simu. Si kwamba hakusoma. Kasoma, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Tatizo ni mikono. Ikiwa haina dagaa ina sabuni, na ikiwa haina sabuni imeshika sikio la mtoto. Kwa hiyo anatuma sauti. Kila asubuhi, mimi ndiyo kwanza nafungua kibanda changu cha ushonaji hapa Mkuyuni, simu inalia, na kwenye kundi letu la wasapu, tuliloliita Uzao wa Mzee Mihayo, inaingia sauti yake, na nyuma yake kelele zote za soko la dagaa la Mwaloni.

"Wapendwa, mmeamkaje? Sisi Pasiansi tumeamka. Shija ameamka na kiatu kimoja, cha pili kimeliwa na mbwa wa jirani, na jirani anasema mbwa wake hali viatu. Nimemwambia sawa, basi tumpasue tuangalie. Kulwa na Doto wamekunywa uji, wamekwenda shule. Baba Kulwa jana alipika wali. Sitasema zaidi. Mimi niko juani hapa, dagaa ni wazuri ila jua linaleta dharau. Wifi Suzana, ulisema utakuja Jumapili, nami nimeshamteua kuku, sasa usiniaibishe mbele ya kuku."

Suzana ni mimi. Pius, huyo Baba Kulwa aliyepika wali, ni mdogo wangu wa kunifuata. Wapo watu kwenye kundi wanaosema kwamba wifi yangu anazidi, kwamba habari za kiatu na mbwa si za kutangaziwa ukoo uliosambaa hadi Dodoma. Mimi nawaambia tokeni, mlango uko wazi. Hakuna anayetoka. Kuna wakati simu yake ilitumbukia ziwani, tukakaa kimya bila habari za Pasiansi, na walewale walalamikaji ndio walionipigia kuuliza kama kuna msiba.

Evelina anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Ananunua wabichi mitumbwi inapoingia, anaanika, anapindua, anaokota kokoto, anauza wakavu kwa watu wa malori. Sasa, dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi kama mwezi unawaka. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika. Wakati wa giza inafanya kazi bila huruma, na nyumba ya mdogo wangu nayo inakwenda hivyohivyo. Giza likiingia Evelina humpati. Watoto wanajipikia, Pius anafua, na harufu ya dagaa inaingia mpaka kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani. Mbalamwezi ikitoka anarudi nyumbani kwa kishindo: mapazia yanashuka, magodoro yanatolewa nje, watoto wanakaguliwa masikio, walimu wanafuatwa shuleni wakaulizwe maswali. Hata ubatizo wa Shija uliwekwa mbalamwezi. Padri alipotaja Jumapili nyingine, Evelina alitazama juu kidogo, akafikiri, akamwambia hapana Baba, hapo dagaa watakuwa wengi. Na padri akabadilisha.

Ndivyo alivyo. Haombi njia, anapita, na ukishamzoea unajikuta umeshasogea kabla hajafika. Mimi nampenda kwa hilo, ingawa mbele yake sisemi, maana wifi ukimsifu anaongeza.

Sasa niwaambie kuhusu mapacha, kwa sababu habari hii ni ya mapacha.

Sisi ni Wasukuma. Pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija; hakuna anayeumiza kichwa kutafuta jina. Mama yetu, Bibi Wilhelmina, yuko Misungwi, na siku wajukuu zake hao walipozaliwa alikuja na kuweka sheria kabla hata vitovu havijakatika. Atakachopewa mmoja, na mwenzake apewe. Atakachonyimwa mmoja, na mwenzake anyimwe. Ukimpendelea mmoja mwingine ataudhika, na pacha akiudhika anaondoka. Kuondoka maana yake mnaijua. Kwetu neno lenyewe halitamkwi karibu na mtoto.

Evelina ni Mjita, alikuja kuolewa kwetu kutoka upande wa Musoma, na hakulelewa na sheria hiyo. Lakini aliishika kuliko sisi wenyewe, na sababu naijua, nilikuwepo. Doto alizaliwa mdogo na hakulia. Nesi alimgeuza, akampiga mgongoni, akamsugua, na Evelina pale kitandani akiwa na Kulwa kifuani hakuuliza chochote, alitazama tu. Mtoto alipolia, mama naye ndipo akalia. Tangu siku hiyo hakutaka kubahatisha.

Kwa hiyo ndizi moja ilikatwa katikati kwa kisu. Kama dukani pamebaki jozi moja ya viatu vya saizi yao, walirudi nyumbani pekupeku wote. Mwalimu alipompa Kulwa zawadi ya kalamu kwa kuimba vizuri, Evelina alikwenda kununua kalamu ya aina ileile na kumpa Doto, ambaye haimbi. Na kwangu alikuja na kitambaa kimoja kirefu na maneno yaleyale kila mwaka: "Wifi, pima mmoja, shona mbili."

Hata kwenye habari zake za asubuhi hujawahi kusikia mmoja bila mwenzake. Kulwa na Doto wamekula. Kulwa na Doto wana mafua. Kulwa na Doto wamevunja chupa ya chai, kana kwamba chupa moja inahitaji mikono minne kuivunja. Ungemsikiliza mwaka mzima usingejua kwamba ni wasichana wawili ambao hawafanani hata kidogo. Kulwa ana mdomo. Akienda Mwaloni siku ya Jumamosi anauza kabla mama yake hajafunua gunia, anatania wanunuzi, anajua nani kagombana na nani. Doto ni mtoto wa kusoma. Atasoma gazeti lililofungia maandazi, akimaliza ataligeuza asome upande wenye mafuta. Ukizungumza naye anakusikiliza mpaka unajiuliza kama ulichosema kilikuwa na maana.

Desemba iliyopita majina ya wanaokwenda kidato cha kwanza yakatoka. Asubuhi hiyo habari za Pasiansi ziliingia na vigelegele, tena si vya Evelina peke yake, Mwaloni nzima ilikuwa imemsaidia.

"Wapendwa! Kulwa na Doto wamefaulu! Wamefaulu nawaambia! Baba Kulwa amedondosha spana mguuni kwa furaha, sasa anachechemea. Mungu ni mwema, siongezi neno, nimeacha dagaa wanaungua!"

Hongera zikamiminika. Venant, mdogo wetu wa Dodoma, akatuma sala ndefu. Mimi, kwa uchokozi tu wa wifi, nikauliza: wamepangiwa shule gani?

Mchana kutwa Evelina hakujibu, na mtu ambaye amewahi kutangaza kiatu kilicholiwa na mbwa akinyamaza, ujue kuna jambo. Jioni akanipigia simu.

"Wifi, Doto amepangiwa bweni. Shule ya wasichana, mkoani Tabora."

"Na Kulwa?"

"Kulwa shule ya kata, hapahapa."

Nikasimamisha cherehani. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kumwambia mnunuzi kwamba bei haishuki: "Nimeshaamua. Wote watasoma hapa. Nitakwenda kuomba Doto ahamishiwe."

"Umemuuliza Doto?"

"Nimemuuliza. Amesema sawa, Mama."

"Evelina, Doto hata ukimwambia ahamie kwenye mtumbwi atasema sawa, Mama."

"Wifi, usinichanganye. Nimeshaamua."

Nikampigia Pius. Mdogo wangu huyu ni fundi wa injini za mitumbwi, na ukimpa injini iliyokufa ataifufua, lakini ukimpa neno la nyumbani analiangalia tu. "Dada," akasema, "mama yao ndiye anayejua." Nikamwambia na wewe ni baba yao au ni mpangaji? Akacheka. Nilikata simu kwa hasira.

Kesho yake Bibi Wilhelmina naye akatuma sauti. Mama yetu Kiswahili kimemkuta ukubwani. Kwake r na l ni mtu na nduguye, yeyote aliyepo karibu ndiye anayetumwa. "Mama Kulwa, nimesikia habali ya shule. Mapacha hawatenganishwi. Umefanya vizuli sana." Na kundi zima likaitikia kwa alama za mikono iliyokunjwa. Venant, aliyetuma sala, akatuma nyingine.

Niliudhika, nasema wazi. Nilikuwa naendesha cherehani huku nasema peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko salama. Mtoto kasoma kwa mwanga wa tochi ya simu nyumba ikiwa haina umeme, kapata nafasi ambayo wengine wanaililia, na sasa anaambiwa airudishe kwa sababu alizaliwa na mwenzake. Lakini mshono nao ulikuwa unanipotea, kwa sababu mimi pia nimelelewa na Bibi Wilhelmina. Nikawa nafikiri: na akienda akaugua huko? Nani atasimama mbele ya Evelina aseme mimi ndiye niliyemshauri? Kwa hiyo nilichemka lakini nilichemka na mfuniko.

Januari shule zinakaribia kufunguliwa, mbalamwezi ikiwa nje, Evelina akaja dukani kwangu. Alikuja na kitambaa cha bluu iliyokolea kwenye mfuko, Kulwa kushoto, Doto kulia.

"Shikamoo, Shangazi," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Karibuni ndani, sogezeni hizo nguo mkae."

Evelina alikuwa ameshatandaza kitambaa juu ya meza yangu. "Sare za shule ya kata hizo. Wifi, pima mmoja, shona mbili."

Nikachukua futi, nikampima Kulwa kiuno, nyonga, urefu. Kisha nikamwita Doto.

"Wa nini? Si umeshapima," Evelina akasema.

"Simama hapa, Doto," nikasema, kama sikusikia.

Doto alikuwa amerefuka. Mwaka uliotangulia walikuwa bado wanalingana, au nilijidanganya kwa sababu nilimpima mmoja. Sasa sketi ya Kulwa ingemfika Doto juu ya magoti kwa namna ambayo mwalimu wa zamu asingeipenda. Na kiuno alikuwa mwembamba. Nikamwonyesha mama yao futi, nikamwambia hawa si kipimo kimoja tena.

Evelina akafikiri. Unajua mtu anayeweza kupanga ubatizo kwa mwezi hashindwi na sketi. "Basi shona zote kwa urefu wa Doto."

"Kulwa ataikanyaga."

"Atakua."

"Mama," Kulwa akasema, "mimi siivai."

Nilidhani anazungumzia urefu. Evelina naye alidhani hivyo, akaanza kusema kuhusu upindo, kwamba shangazi atakunja kwa ndani, haitaonekana. Kulwa akatikisa kichwa.

"Ishonwe fupi, ishonwe ndefu, siivai kama Doto anavaa na yeye ya hivihivi. Nitakaa nyumbani nianike dagaa."

"Rudia," mama yake akasema, polepole sana.

Ungekuwa wewe usingerudia. Mimi mtu mzima nilijikuta nimeshika mkasi nakata hewa. Lakini Kulwa ni mtoto wa Evelina, na akiamua kusema anasema.

"Mama, unakumbuka nilipovunjika mkono?"

"Nakumbuka. Hilo linahusiana na nini?"

"Ulimfunga na Doto."

Ni kweli. Walikuwa wadogo, hata shule hawajaanza. Kulwa alipanda ukuta wa jirani, akadondoka, mkono wa kulia ukavunjika, hospitali wakamfunga plasta ngumu. Walipofika nyumbani Evelina akatoa kitambaa cheupe, akamzungushia na Doto, mkono uleule, akauninginiza shingoni. Kitambaa chenyewe nilikikata mimi. Bibi Wilhelmina alipoona alishangilia, sisi wengine tukacheka, watoto wakapigwa picha. Ile picha iko hadi leo kwenye simu za watu.

"Mkono wake ulikuwa mzima, Mama," Kulwa akasema. "Mimi ndiye niliyedondoka. Yeye alikuwa amekaa chini anachezea visoda. Kile kitambaa kilikuwa kinamwasha. Wewe ukienda Mwaloni alikuwa ananiomba nimfungue, namfungua kwa mkono huu mmoja na meno, anajikuna, kisha namfunga tena kabla hujarudi. Kila siku. Alikuwa hasemi kwa sababu alijua ukimfungua utaogopa."

Evelina akaweka mkono juu ya kitambaa cha bluu.

"Sasa zile alama ndogo za mtihani ni zangu, Mama. Nimezipata mimi. Sikusoma, nilikuwa nacheza, unajua. Na sijali, shule ya kata na mimi nitasoma, nitaona. Lakini usimfunge Doto tena. Nitakuwa namwona kila asubuhi na sketi hii, najua amefungwa tena kwa ajili ya mkono wangu."

Dukani kwangu huwa hapana kimya. Mkuyuni ni sokoni, kuna redio, kuna bodaboda, kuna mwenye nyanya anayetukana mwenye vitunguu. Siku hiyo vyote vilikuwepo na sikusikia hata kimoja. Nilimtazama wifi yangu nikamwonea huruma, na niliona aibu kwa kumwonea, kwa sababu si mtu wa kuonewa huruma. Uso wake ulikuwa uleule wa kitandani hospitali, anatazama tu.

Kisha akamgeukia Doto. "Unataka kwenda?"

Doto akafanya anavyofanya siku zote akiulizwa jambo: akamtazama Kulwa. Na Kulwa akageuka. Aligeuka mzimamzima, akaelekea ukutani ninapotundika nguo za wateja, akabaki anaangalia gauni la mtu la arusi kama vile analinunua. Doto akabaki hana wa kumtazama. Akashika ukingo wa meza yangu.

"Nataka, Mama."

"Na ulisema sawa."

"Nilisema sawa. Lakini nataka kwenda."

"Doto." Evelina alisimama vilevile, ila sauti ilishuka. "Wewe ulipozaliwa hukulia. Umeshawahi kuambiwa? Nilikutazama uko bluu kama kitambaa hicho. Nikasema Mungu akiniachia wewe sitakuchezea, sitabahatisha na wewe hata siku moja. Ukienda huko, ukiudhika, ukiugua, mimi niko huku napindua dagaa, nitajuaje?"

Doto akafikiri, maana huyu mtoto hujibu baada ya kufikiri. "Lakini mwishowe nililia, Mama," akasema. "Si nililia?"

Mimi nilicheka. Ilinitoka tu, na machozi yakaja hapohapo, nikajifuta kwa kitambaa cha shule ya kata. Evelina alinitazama kwa jicho la kusema wifi hebu jiheshimu. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshaanza kulegea.

Sifa ya wifi yangu ni kwamba halizungukizunguki jambo. Wingu likitokea juu ya ziwa na dagaa wako nje, hasimami kujadili kama litanyesha, anakunja nyavu anazoanikia. Alitoa simu kwenye mkoba, akaisogeza mdomoni, akabonyeza, sisi sote tumesimama pale.

"Wapendwa, ni mimi. Niko kwa wifi, Mkuyuni. Sikilizeni, maana sirudii. Doto anakwenda Tabora. Nimesema Doto. Kulwa anasoma hapa Pasiansi. Mama mkwe, shikamoo. Najua utanisema, na una haki ya kunisema, nitakuja Misungwi kabla mbalamwezi haijaisha unisemee uso kwa uso. Wale wengine wenye ushauri, wekeni. Nyumbani wazima. Shija ametumbukiza rimoti kwenye ndoo ya maji, tunaianika."

Akaituma. Akaweka simu juu ya meza, tukaiangalia wote kama chungu kinachokaribia kuchemka. Hakuna aliyethubutu kuandika kitu, hata Venant. Kisha ikaingia sauti ya mama yetu. Ilianza na pumzi ndefu, na nyuma yake mbuzi.

"Mama Kulwa. Sijafulahi. Sijafulahi hata kidogo." Mbuzi akalia tena. "Lakini kama anakwenda, asiende hivihivi. Mlete nimtemee mate ya balaka. Na Kulwa naye aje, nimtemee. Wote wawili sawasawa."

"Umesikia?" Evelina akamwambia Doto. "Sawasawa." Na sasa ndiyo akacheka, akacheka kwa nguvu mpaka mwenye nyanya akachungulia ndani.

Basi kazi ikaanza, kwa sababu na yeye akishaamua hakai. Kitambaa cha bluu kilikatwa kwa kipimo cha Kulwa, kiuno chake na urefu wake, upindo mzuri usiokanyagwa. Cha Doto kitanunuliwa cha kijani, ndiyo rangi ya huko, na mimi niliambiwa nisilete uvivu, sketi mbili na shati mbili na sweta itafutwe. Ndoo, godoro, blanketi, kufuli la sanduku. Alivitaja vyote akiwa anafunga mkoba, akamtuma Doto dukani ng'ambo akaulize kama kitambaa cha kijani kipo. Doto akaondoka anakimbia. Sikumbuki kama niliwahi kumwona Doto akikimbia bila Kulwa mbele yake.

Evelina akafika mlangoni. Simu ilikuwa inalia, mtu wa lori anamtafuta. Akasimama, akamgeukia Kulwa, ambaye alikuwa ameacha lile gauni la arusi na sasa anaokota vipande vya kitambaa sakafuni bila kutumwa.

"Na wewe unataka nini?"

"Sisi tunataka—"

"Sijauliza ninyi. Wewe."

Kulwa akainuka, ameshika vile vipande. Mdomo wote ule, unaouza dagaa kabla gunia halijafunguliwa, unaomjibu mama yake mbele ya watu, ulifunguka na haukutoa kitu. Alitazama mlangoni alikopitia pacha wake. Akanitazama mimi. Nikainamia cherehani.

"Sijui, Mama," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Sijawahi kuulizwa peke yangu."

Simu ilikuwa bado inalia. Evelina akaizima kabisa, mpaka mwanga wake ukatoka. Akavuta kile kigoda cha wateja, akakipangusa nyuzi, akaketi mbele ya mtoto wake, mikono mitupu juu ya mapaja.

"Basi fikiri," akasema. "Nasubiri."